Seneti na maseneta wateule: maswali ambayo watu wa Nakuru, Kisumu na Magharibi hawachoki kuuliza

Maswali yaliyo hapa yametoka vinywani mwa watu. Nimeyaokota katika vikao vya elimu ya uraia ninavyosaidia kuendesha: kumbi za makanisa Nakuru, vibanda vya soko Kisumu, chini ya miti Kakamega na Busia. Swali lililorudiwa mara tatu au zaidi ndilo lililoingia. Nimeyapa nambari ili jibu moja likuelekeze kwa jingine bila kurudia maneno.

Nina msimamo katika jambo hili, na sitauficha. Naamini swali kubwa kuhusu bunge lolote la kuteuliwa ni nani anashika kalamu ya kuteua, na kama kalamu hiyohiyo ina ruhusa ya kufuta. Pale ninapotoa maoni yangu nitasema ni maoni.

## Mambo ya msingi

1. Bunge la juu ni nini, na kwa nini tuwe na mabunge mawili?

Nchi nyingi zina bunge moja linalohesabu vichwa na la pili linalotazama kitu kingine: majimbo, mikoa, vyeo vya zamani au utaalamu. Hilo la pili ndilo huitwa bunge la juu. Kwetu Kenya, Bunge la Kitaifa linawakilisha wananchi wa maeneo bunge, na Seneti inawakilisha kaunti. Kifungu cha 96 cha Katiba kinaipa Seneti kazi ya kulinda kaunti na serikali zake, kutunga sheria zinazogusa kaunti, kuamua mgao wa fedha kati ya kaunti na kaunti, na kusikiliza mashtaka ya kumwondoa Rais au naibu wake.

Neno "juu" lisikudanganye. Wabunge wa Bunge la Kitaifa hulikataa kabisa, na malumbano yao na maseneta yameshafika mpaka Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2013 ilitoa ushauri kwamba Seneti haikupaswa kurukwa katika mswada wa kugawa mapato.

2. Lakini Seneti yetu si ya kuchaguliwa? Uteuzi unaingilia wapi?

Sehemu kubwa ni ya kuchaguliwa, si yote. Siku moja tulikuwa katika ukumbi mdogo karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Stima ilikuwa imepotea na ubao ulikuwa umejaa maandishi ya watoto wa shule ya Jumapili. Nikamwomba mama mmoja muuza nafaka anikopeshe nusu gorogoro ya mahindi na maharagwe kidogo. Tukahesabu punje 47 za mahindi, tukazipanga safu safu mezani: kila punje kaunti, kila kaunti seneta mmoja aliyepigiwa kura. Kisha tukaongeza maharagwe 20. Kati yake 16 ni wanawake, mawili ni vijana, mwanamume na mwanamke, na mawili ni watu wanaoishi na ulemavu, vilevile mwanamume na mwanamke. Jumla 67. Spika ni wa 68, lakini hana kura.

Yule mama aliitazama meza kitambo, akaokota haragwe moja, akalishika kati ya vidole viwili. "Hili nalo, mwalimu, limepandwa na nani?" Sijapata kusikia mtu akiuliza swali la mageuzi ya bunge la juu kwa ufupi kuliko hivyo. Jibu lake liko katika swali la 3.

3. Basi nani huwateua hao ishirini?

Vyama vya siasa. Kabla ya uchaguzi mkuu kila chama hupeleka orodha ya majina kwa tume ya uchaguzi, IEBC, yakiwa yamepangwa kuanzia la kwanza mpaka la mwisho. Kura zikishahesabiwa, tume hugawa viti kulingana na idadi ya maseneta ambao chama kimeshinda katika kaunti. Chama chenye maseneta wengi wa kuchaguliwa kinapata wateule wengi.

Kwa hiyo mpiga kura anaamua chama kipate viti vingapi vya kuteuliwa, ila hana usemi juu ya nani atavikalia. Nani atangulie katika orodha na nani awe wa kumi na nne ni siri ya chama. Nimewauliza wanachama wa vyama tofauti, watu waliolipa ada na kubeba mabango, kama waliwahi kuitwa kupanga orodha hiyo. Sijapata hata mmoja aliyeitwa.

4. Seneta mteule wa kaunti yangu ni nani?

Huenda hayupo, na huenda wapo watatu. Kifungu cha 123 kinasema maseneta wote walioandikishwa kupiga kura katika kaunti fulani wanakuwa ujumbe mmoja wa kaunti hiyo, na mkuu wa ujumbe ni yule aliyechaguliwa. Seneta mteule basi anafuata kituo chake cha kujiandikisha. Hakuna anayehakikisha kwamba kila kaunti inapata mmoja. Kaunti yenye wakubwa wa chama hujikuta na ujumbe wa watu kadhaa, na jirani yake akabaki na seneta mmoja peke yake.

5. Maseneta wateule hupiga kura, au wanakaa tu?

Inategemea jambo. Suala likigusa kaunti, kila ujumbe una kura moja, nayo hupigwa na mkuu wa ujumbe au mtu aliyempa jukumu hilo asipokuwepo. Jambo linapita likiungwa mkono na jumbe 24 kati ya 47. Katiba inamtaka mkuu wa ujumbe ashauriane kwanza na wenzake, lakini haisemi afanywe nini akikosa kushauriana. Hapo mteule anaweza kuongea saa nzima na kura ikaenda kinyume naye.

Suala lisilogusa kaunti, kila seneta ana kura yake. Na katika kumwondoa Rais au naibu wake, Katiba inadai thuluthi mbili ya maseneta wote, yaani 45 kati ya 67. Ndivyo ilivyokuwa Oktoba 2024 katika kesi ya aliyekuwa Naibu Rais Rigathi Gachagua: kura ya mteule ilikuwa na uzito uleule wa kura ya seneta wa Kakamega au Nakuru.

Nje ya kura, wateule hukaa katika kamati na huleta miswada. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025 ilianza kama mswada wa Crystal Asige, seneta mteule. Anayesema wanakaa tu hajafuatilia.

## Tulikotoka

6. Ni kweli tulikuwa na Seneti nyingine ikafutwa?

Ndiyo. Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa na Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi, chini ya Spika Timothy Chokwe. Ililetwa kuwatuliza waliohofia kwamba serikali kuu ingemeza majimbo. Haikufikisha miaka minne. Mwaka 1966 Katiba ilibadilishwa, mabunge mawili yakaunganishwa kuwa moja.

Kuna jambo hapa ambalo watu hulipita haraka nami nataka tukae nalo. Maseneta wenyewe walipaswa kupiga kura ya kuifuta Seneti. Kwa nini wakubali? Kwa sababu viti 41 vipya viliongezwa katika bunge lililobaki, jumla ya viti vya kuchaguliwa ikafika 158, na wao wakahamia humo. Hakuna aliyepoteza kazi. Aliyepoteza ni mwananchi wa wilaya ya mbali, aliyebaki bila jumba la kumsemea wilaya yake mpaka 2013. Ukisikia mswada wowote wa mageuzi, tafuta kwanza wanaoupigia kura wataangukia wapi. Swali la 8 na la 10 yana mifano zaidi.

7. Uteuzi wenyewe ulianza na Katiba ya 2010?

La. Kabla ya hapo bungeni kulikuwa na wabunge maalum 12, na kwa miaka mingi waliteuliwa na Rais atakavyo. Mapatano ya vyama ya 1997, yale ya IPPG, yaliondoa kalamu hiyo Ikulu yakaigawia vyama kulingana na nguvu zao bungeni. Katiba ya 2010 ikaongeza orodha, tume na usawa wa jinsia. Kalamu imesogea kidogo kidogo kutoka mkono mmoja kwenda mikono kadhaa. Haijafika kwa mwananchi.

## Wenzetu wamefanyaje

8. Kwa nini kila mara mnatutajia Uingereza?

Kwa sababu wao wana bunge la juu lisilo na hata mtu mmoja aliyepigiwa kura na wananchi, nao wamejaribu kulirekebisha kwa zaidi ya miaka 100. Bunge la Malodi ni shule ya bure kwetu. Ada wamelipa wao.

Mwaka 1909 malodi waliikataa bajeti. Bunge la chini likajibu kwa sheria ya 1911 iliyowanyang'anya nguvu ya kuzuia miswada ya fedha, na miswada mingine wakabaki na uwezo wa kuichelewesha miaka miwili tu. Mwaka 1949 ukapunguzwa kuwa mmoja. Utangulizi wa ile sheria ya 1911 ulikiri kwamba nia ni kuweka bunge linalotokana na wananchi badala ya urithi, lakini kwamba jambo hilo haliwezi kufanyika mara moja. Mpaka leo halijafanyika.

Kilichofanyika ni viraka, vingine vya maana. Mwaka 1958 wakaruhusiwa malodi wa maisha, watu wanaopewa kiti wao wenyewe bila kuwaachia watoto, na kwa mara ya kwanza wanawake wakaingia. Mwaka 1999 mamia ya malodi wa kurithi waliondolewa, wakabakishwa 92 kama mapatano ya muda. "Muda" huo ulipita miaka 20. Septemba 2024 serikali ya chama cha Labour ikaleta mswada wa kuwaondoa hao pia. Mwaka 2000 iliundwa tume ya kuchunguza wanaopendekezwa, lakini idadi ya watakaoteuliwa na majina mengi yakabaki mikononi mwa waziri mkuu. Hakuna kikomo cha idadi. Jumba limewahi kupita watu 800.

Jaribio kubwa lilikuwa 2012, likiongozwa na Nick Clegg, naibu waziri mkuu wa wakati huo. Mpango wake: jumba la watu 450, asilimia 80 wachaguliwe, muhula mmoja wa miaka 15, asirudi mtu. Julai bunge la chini liliunga mkono hatua ya pili ya mswada kwa kura 462 dhidi ya 124. Agosti ukaachwa. Ulikufaje mswada wenye kura nyingi namna hiyo? Wabunge 91 wa chama cha Conservative, kilichokuwa serikalini, waliupinga, na serikali ikajua haiwezi kupata ratiba ya kuumaliza. Hofu yao kubwa ilikuwa kwamba jumba la pili likichaguliwa litajiona sawa na wao. Yaani walipendelea jumba dhaifu lisilo na uhalali kuliko lenye uhalali litakalowabishia. Kisa hicho kinanirudia kila ninaposikia mbunge wa kwetu akisema Seneti ni mzigo.

9. Na Kanada? Huko nako huteua?

Huteua wote 105. Kwa sheria uteuzi ni wa Gavana Mkuu, kwa vitendo ni wa waziri mkuu. Zamani seneta alikaa hadi kufa, na tangu 1965 anastaafu akifika miaka 75. Sharti la kuwa na mali ya dola 4,000 lilitoka katika katiba ya 1867, zama ambazo fedha hizo zilikuwa nyingi.

Serikali ya Stephen Harper ilitaka kuweka muhula maalum na kura za kupendekeza maseneta bila kubadilisha katiba. Aprili 2014 Mahakama ya Juu ikasema haiwezekani: mabadiliko hayo yanahitaji majimbo 7 yenye angalau nusu ya watu wote, na kuifuta Seneti kabisa kunahitaji majimbo yote 10 yakubali. Mlango ukafungwa.

Hapo ndipo Kanada inapotufaa. Walipokosa njia ya katiba, waliigusa kalamu. Januari 2014 Justin Trudeau, akiwa bado upinzani, aliwatoa maseneta 32 wa chama chake katika kundi la wabunge wa chama. Akiwa waziri mkuu, mwaka 2016 aliunda bodi huru inayopokea maombi ya raia wa kawaida na kupendekeza majina. Waziri mkuu bado anachagua mmoja katika majina aliyopewa, na mrithi wake anaweza kuiacha bodi hiyo kesho, kwa kuwa haikuandikwa katika katiba. Hata hivyo maseneta wengi sasa hukaa nje ya vyama, na aliyewateua hana kiboko cha kuwarudisha nyumbani kabla ya miaka 75. Linganisha na swali la 12.

10. Kuna nchi zilizofuta kabisa bunge la juu?

Zipo. New Zealand ilifuta lake, lililokuwa la kuteuliwa tupu, mwishoni mwa 1950. Waziri mkuu aliteua wanachama wapya kwa kazi moja: kupiga kura ya kulifuta jumba walilomo. Denmark ilifuta 1953.

Senegali inawagusa zaidi watu wa Budalang'i na Nyando, wanaoyajua mafuriko. Seneti yao ilikuwa na viti 100, na 65 kati yake viliteuliwa na rais. Mwaka 2012 mafuriko yalipoikumba nchi, Rais Macky Sall alisema fedha za Seneti ziende kwa waliofurikiwa, na Septemba ikafutwa. Mzee mmoja wa Budalang'i aliposikia hayo alinyamaza, kisha akaniuliza kama zile fedha ziliwafikia. Swali lake lilikuwa sahihi: kufuta jumba ni jambo moja, kufuata shilingi mpaka mlangoni ni jingine.

Ireland ilikwenda kinyume. Oktoba 2013 wananchi waliulizwa kama jumba lao la pili lifutwe. Wakakataa, kwa asilimia 51.7.

## Malalamiko tunayosikia zaidi

11. Kwa nini tusifute hivi viti 20 tuokoe pesa za umma?

Hasira hii naielewa. Mtu anayenunua unga kwa kipimo cha mkebe ana haki ya kuuliza mshahara wa kila mheshimiwa. Ila tuhesabu tena yale mahindi na maharagwe.

Mwaka 2013, katika kaunti zote 47, hakuna mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa seneta. Bila wateule, Seneti ya kwanza chini ya Katiba mpya ingekuwa ya wanaume watupu. Mwaka 2017 wakachaguliwa watatu: Susan Kihika wa Nakuru, Margaret Kamar wa Uasin Gishu na Fatuma Dullo wa Isiolo. Mwaka 2022 tena watatu, na Nakuru ikiwemo kwa mara ya pili, kupitia Tabitha Karanja. Nakuru ina haki ya kujivunia hilo. Kisumu, Kakamega, Bungoma, Busia, Vihiga na Siaya hazijawahi kumchagua mwanamke kuwa seneta katika chaguzi hizo tatu.

Hata pamoja na wateule, wanawake wa 2022 walikuwa 21 kati ya 67, chini ya thuluthi moja ambayo Katiba yenyewe inadai. Kwa hiyo anayetaka kuviondoa viti hivi bila kuweka kingine mahali pake aseme wazi kwamba anakubali Seneti yenye wanawake watatu, na isiyo na mtu mwenye ulemavu hata mmoja. Mimi sikubali. Ugomvi wangu ni na namna ya kuvijaza.

12. Ni kweli chama kinaweza kumfukuza seneta mteule?

Kinaweza kujaribu, na kimejaribu. Mei 2020 Jubilee, chama kilichokuwa serikalini, kiliwaita maseneta wateule watano mbele ya kamati yake ya nidhamu kwa kukosa kuhudhuria mkutano wa chama ulioitwa Ikulu. Mei 2021 kiti cha Isaac Mwaura, aliyewakilisha watu wenye ulemavu, kilitangazwa wazi katika gazeti rasmi la serikali baada ya chama kumfukuza. Mahakama ikaingilia.

Seneta wa kuchaguliwa naye huadhibiwa na chama, lakini anarudi kwa watu wake, anasimama juu ya gari pale sokoni na kuwaambia: mlinituma ninyi. Mteule atarudi wapi? Aliyempanda ndiye mwenye jembe. Hapo ndipo naona kidonda chenyewe. Mtu aliyeletwa bungeni awasemee vijana au walemavu hujikuta akipima kila neno kwa sikio la katibu mkuu wa chama.

Kumbuka Agosti 2020, kaunti zilipokuwa zikizozania mfumo wa kugawa fedha. Maseneta watatu walikamatwa na polisi siku ya kikao, mmoja wao Cleophas Malala wa Kakamega. Wote watatu walikuwa wa kuchaguliwa. Waliweza kushikilia msimamo kwa sababu kaunti zao ziliwangoja nyuma, na mwezi uliofuata ulipatikana mfumo ambao haukuipunguzia kaunti yoyote fedha.

13. Je, mimi mpiga kura ninaweza kumwondoa mteule?

Hapana. Haki ya kumwita mbunge nyumbani kabla ya muhula kuisha, iliyo katika kifungu cha 104, ni ya wapiga kura wa eneo lililomchagua. Mteule hana eneo.

## Mageuzi yenyewe

14. Ni mapendekezo gani yamewahi kufika mezani?

Kubwa zaidi ni la BBI, mpango wa maridhiano wa Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga. Ripoti yake ilipokewa na viongozi wetu Kisii mnamo Oktoba 2020, na mswada uliofuata ulitaka Seneti ya watu 94: kila kaunti ichague mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Maharagwe yote yangeondoka mezani. Machi 31, 2022 Mahakama ya Juu ilizima mchakato huo, kwa sababu Rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya Katiba kwa njia iliyowekewa wananchi. Wazo la kiti cha mwanamke na cha mwanamume kwa kila kaunti halikuhukumiwa kuwa baya. Lilikufa pamoja na gari lililolibeba.

15. Wewe mwenyewe ungebadilisha nini?

Haya ni maoni yangu. Kwanza ningeikata ile kamba ya swali la 12: mtu akishaapishwa kuwakilisha wanawake, vijana au walemavu, chama kisiweze kumtoa kwa kura aliyopiga wala mkutano aliokosa. Atoke kwa makosa yaleyale yanayomtoa mbunge yeyote mahakamani. Hili peke yake lingebadilisha tabia ya Seneti kuliko kuongeza au kupunguza viti.

Pili, orodha ipangwe na wanachama kwa kura, mchana, na vikundi vinavyowakilishwa vihusike. Haiingii akilini viti vya watu wenye ulemavu kupangwa katika chumba ambacho hakuna aliyeingia kwa kiti cha magurudumu. Tatu, muhula mmoja tu wa uteuzi. Anayetaka kuendelea aende kuomba kura, kama alivyofanya Naomi Waqo: alikuwa mteule 2017, akawa mmoja wa wale watano walioitwa kamatini, na 2022 watu wa Marsabit wakamchagua mwakilishi wa wanawake.

Mfumo wa viti 94 naupenda pia, lakini hauwajali vijana na walemavu, na hilo lingehitaji jibu kabla sijaupigia kura.

16. Mabadiliko hayo yanahitaji kura ya maamuzi?

Si yote. Kifungu cha 255 kinataja mambo ambayo lazima yaende kwa wananchi, yakiwemo majukumu ya Bunge na muundo wa ugatuzi. Kuifuta Seneti kunaangukia humo bila ubishi. Idadi ya viti vya kuteuliwa haikutajwa, hivyo kuna hoja nzuri kwamba thuluthi mbili ya kila bunge, yaani wabunge 233 na maseneta 45, zinatosha. Tarajia kesi mahakamani hata hivyo. Namna ya kupanga orodha na nidhamu ya chama zinaweza kuguswa pakubwa kwa sheria ya kawaida. Ndiyo sababu nasema tuanzie hapo.

Njia ya wananchi ipo pia: saini milioni moja, mabunge 24 ya kaunti, kisha Bunge.

## Maswali ya pembeni

17. Kiti cha mteule kikibaki wazi, kuna uchaguzi mdogo?

Hakuna. Anachukuliwa anayefuata wa jinsia ileile katika orodha iliyopelekwa kabla ya uchaguzi. Chama hakiruhusiwi kuingiza jina jipya katikati ya muhula.

18. Akihamisha kituo chake cha kura baada ya uchaguzi, anahamia ujumbe mwingine?

Katiba inaangalia alikoandikishwa wakati wa kuchaguliwa, kwa hiyo hapana.

19. Kwa nini wazee wa jamii wasipewe viti? Nabongo wa Wanga, Baraza la Wazee wa Waluo?

Mumias swali hili halikosekani. Lesotho wanafanya hivyo: Seneti yao ina watu 33, na 22 ni machifu wakuu. Wanaoitetea husema chifu haogopi chama, na ni kweli. Kwa kipimo changu cha kalamu, hakuna wa kumfuta.

Lakini hakuna wa kumwuliza pia. Uingereza iliyajua hayo kwa malodi wa kurithi, na kuwatoa kumekuwa kazi ya zaidi ya karne (swali la 8). Kisha kwetu kungezuka ugomvi wa nani hasa ni mzee wa nani, na jamii ndogo kama Waogiek wa Mau wangekaa wapi. Mzee aendelee kuheshimiwa nyumbani na kusikilizwa kamatini anapoitwa kutoa maoni. Hilo halihitaji kiti.

20. Orodha ya chama changu naipata wapi, na lini?

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027, na vyama hutakiwa kupeleka orodha kwa tume angalau siku 45 kabla. Tume huzichapisha magazetini. Lakini ukingoja gazeti umechelewa, kwa sababu mpangilio umeshafungwa. Nenda ofisi ya chama chako ya kaunti mapema, na kadi yako ya uanachama, uulize kwa maandishi orodha itapangwa lini, na nani, na wanachama watahusishwa vipi. Baki na nakala yenye muhuri. Orodha ikipangwa kinyume cha katiba ya chama, lalamiko hupelekwa kwa Mahakama ya Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, na barua yako yenye muhuri itakuwa ushahidi.